Juu au Chini

Bwana Ngoda, tajiri wa ng'ombe, alikuwa ameshika ufunguo wa chemchemi ya kijiji, na mifugo yake ndiyo iliyokunywa kwanza. Watu walipodai uchaguzi, wanawake wawili walijitokeza kumpinga: Bi Sikudhani, mfinyanzi, na jirani yake Mwanjaa. Ngoda akafurahi, maana wangegawana kura.

"Kila mtu asimame nyuma ya amtakaye," aliamuru. "Safu ndefu ndiyo mshindi."

Sikudhani aliuona mtego, akatabasamu. "Watasema umeshinda kwa sababu tuligawana kura, shemeji. Afadhali kila mtu atupange sote: wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Tumtoe mmoja, kisha wawili waliobaki washindane."

"Atatoka nani?"

"Chagua wewe. Tukianzia juu, atatoka aliyewekwa wa kwanza na watu wachache zaidi. Tukianzia chini, atatoka aliyewekwa wa mwisho na watu wengi zaidi. Ila huko chini tutaaibika sisi wanawake."

Ngoda alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Anzieni chini!"

Ndugu na wachungaji wake walimweka wa kwanza. Wafuasi wa Sikudhani na wa Mwanjaa, ambao kwa pamoja waliwazidi, wote walimweka wa mwisho. Ngoda akatoka.

"Nimekosea!" alifoka. "Ningesema muanzie juu!"

"Tungeanzia juu angetoka Mwanjaa, mwenye wafuasi wachache kuliko sisi, na watu wake wangehamia kwangu," alisema Sikudhani kwa upole, akinyoosha mkono. "Ungekaa na huo ufunguo kitambo kidogo tu zaidi, shemeji."