Kwa Nini Njia ya Ziwa Nsyela Hurudi Majini Mara Saba

Hapo kale, Ziwa Nsyela lilipokuwa bado halina njia ya kulizunguka, kila mtu aliteremka majini kwa upenyo wake mwenyewe. Aliyetaka kuogelea aliogelea, aliyetaka kutembea kando ya maji akisikiliza ndege alitembea, na hakuna aliyeuliza ukingo ule ni wa nani. Ulikuwa matete na miba mitupu, na miba haigombewi.

Watu wengi walilipenda ziwa hilo, lakini hakuna aliyelihitaji kama Tupokigwe, mfinyanzi wa vyungu. Alipojifungua mtoto wake wa pili, nyonga yake ya kushoto iliteguka na haikurudi sawasawa. Kwenye nchi kavu alichechemea, akiuma meno kila hatua. Ndani ya maji maumivu yalimwachia, naye alikata mawimbi kama fisimaji. "Nchi kavu ni mama wa kambo," alizoea kuwaambia wenzake. "Mama aliyenizaa yumo humu."

Kisha akaja Mwakibinga. Hakuwa mtu mbaya, na wanaosimulia habari hizi hupenda kulitanguliza hilo. Kwa miaka minne alifyeka miba ile peke yake, akapanda migomba na magimbi mpaka ukingo mzima wa ziwa ukawa kijani. Lakini waogeleaji waliyakanyaga machipukizi, watembezi wakachuma ndizi, na mwaka wa tano akachoka kusema. Akalizungushia ziwa lote ua wa mianzi.

"Maji ni ya watu wote, siyakatai," aliwaambia. "Lakini nchi hii nimeifyeka kwa mikono hii. Atakayefika majini bila kukanyaga shamba langu, na aogelee hadi vidole vikunjamane."

Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Tupokigwe hakuweza kuzoea. Mwezi wa kwanza nyonga ilikaza, mwezi wa pili akashindwa kuchuchumaa kukanda udongo, na mwezi wa tatu hakuweza kuinuka mkekani bila kushikwa mkono. Alijua kwamba mwaka ukiisha hivyo, hatatembea tena.

Asubuhi moja ya kiangazi, akishikwa mkono na dada yake, alipanda mpaka juu ya kilima, mahali kinapoanzia kijito kinacholisha ziwa. Akaketi ndani ya maji, akaanza kuteremka nayo kwa makalio, jiwe baada ya jiwe, mpaka akapita chini ya ua. Ukungu ulipoinuka, Mwakibinga alikuwa akipalilia magimbi yake. Akasikia mtu anaimba katikati ya ziwa.

"Wee Tupokigwe! Umepita wapi?"

"Nimepita majini, baba. Si ulisema ni ya watu wote?"

Mwakibinga akacheka bila kupenda. "Haya, umeingia. Utatokaje? Ukiweka unyayo tu, umekanyaga shamba langu."

"Nitakapoweka unyayo patakuwa pamelowa. Na palipolowa ni pa nani?"

Katika nchi ile ziwa hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, na zamani majirani walipigana kila mwaka juu ya ukingo wake, hata wazee wakakata shauri: palipoloweshwa na maji ya ziwa ni pa ziwa, na jembe halipagusi. Mwakibinga mwenyewe alikuwa amelitumia neno hilo dhidi ya jirani yake. Asingeweza kulitupa leo.

Akaitwa Bibi Lugano, aliyekuwa mtunzaji wa maneno ya namna hiyo. Alikuja na mkongojo wake, na kijiji kizima nyuma yake. Alisikiliza pande zote mbili, akafikiri sana.

"Mtu anayetoka ziwani akichuruzika maji ni ziwa linalotembea," alisema. "Lakini mpaka usiofunga si mpaka. Tupokigwe alizunguke ziwa lote arudi alipoanzia, kabla jua halijagusa mgongo wa mlima. Alowanishe kila hatua. Akifika, alipolowanisha ni pa ziwa; ikipatikana hatua moja kavu, ua unabaki."

"Na asibebe chombo," Mwakibinga akadakia. "Huyu ni mfinyanzi, bibi. Atatuletea vyungu arobaini."

"Asibebe chombo," Bibi Lugano akakubali.

Tupokigwe akatokea kwenye jiwe bapa ambalo wanawake walikuwa wakilifulia nguo. Alikuwa ameitandaza shuka yake iliyolowa kwa mikono yote miwili, matone yaanguke huku na huku. Mwakibinga akamfuata na mzigo wa vijiti, akichomeka kila yalipoanguka matone. Nje ya ua watu wakasogea nao pamoja, wakichungulia kati ya mianzi.

Mtu mwenye miguu mizima angelizunguka ziwa lile kwa muda mfupi tu. Tupokigwe hakuwa na miguu hiyo, na jua lilikuwa na kiu. Hatua mia mbili tu, shuka ikaanza kuwa nyepesi.

"Naona ziwa lako limeingiwa na kiangazi," Mwakibinga akamtania.

"Kiangazi hupita, baba," akajibu, na kabla tone la mwisho halijaanguka akakata kona, akateremka majini. Akazama, akaogelea kidogo nyonga ipumzike, akatoka akichuruzika upya.

Akafanya hivyo mara ya pili na mara ya tatu. Mara ya nne Mwakibinga alimwuliza kama ametoka kuchukua mpaka au kuchukua samaki, naye akamwambia achomeke vijiti vizuri, asije akachomeka vidole vyake. Watu nje ya ua wakaangua kicheko. Lakini mara ya tano hawakucheka tena, kwa kuwa waliona jinsi mguu wake ulivyoburuzika. Mara ya sita alitoka majini kwa kutambaa.

Mwakibinga akachutama karibu naye. Safari hii hapakuwa na utani katika sauti yake. "Inatosha, mwanangu. Nitakufungulia upenyo uwe unapita wewe, siku yoyote utakayo. Wewe peke yako."

Tupokigwe alifumba macho. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo, na kilikuwa mbele yake bila hatua nyingine hata moja. Alipofumbua macho aliona kati ya mianzi macho mengine, mengi, yakimtazama.

"Ziwa la mtu mmoja ni chungu tu, baba," alisema. "Na chungu tumekatazana."

Akainuka.

Mara ya saba alikaa majini muda mrefu. Mbele yake kulikuwa na jabali refu, na juu ya jabali hilo hapana mahali pa kuteremkia mpaka ufike tena kwenye jiwe bapa. Alipotoka, Mwakibinga alimwuliza kama yuko tayari. Hakujibu. Alimtania kuhusu jua, hakujibu. "Kumbe hata maneno yamekauka!" alisema, na bado Tupokigwe hakujibu, akaburuza mguu tu, akitazama mbele.

Juu ya jabali upepo ulikausha kila kitu. Alikamua pindo moja la shuka, kisha la pili, kisha nywele zake, tone kwa tone. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kuufikia mlima. Akasimama. Kilibaki kijiti cha kwanza, hatua tatu mbele, na mikononi mwake shuka iliyokauka kama jani la mgomba.

Mwakibinga alipapasa ardhi. "Pakavu," alisema taratibu, na sauti yake haikuwa na furaha.

Ndipo Tupokigwe akainama, akafungua mdomo, na ziwa likamtoka. Akalowanisha hatua ya kwanza. Akalowanisha ya pili. Tone la mwisho likaangukia jiwe bapa, pembeni ya kijiti cha kwanza.

"Mdomo ni chombo!" Mwakibinga akapaza sauti.

"Mdomo ni mwili," alisema Bibi Lugano. "Na kama ni chombo, mwanangu, basi cha kwako kinavuja tangu asubuhi."

Mwakibinga alitazama vijiti vilivyolizunguka ziwa lote, akamtazama mwanamke yule aliyesimama kwa mguu mmoja, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda mwenyewe kuung'oa mwanzi wa kwanza. Kijiji kizima kikamsaidia, na kabla usiku haujaingia ua wote ulikuwa umehamishwa nyuma ya vijiti, uikinge migomba, na watu walikuwa majini wakipiga vigelegele. Mwakibinga, aliyeishi kando ya ziwa miaka mitano bila kujua kuogelea, alikuwa kati yao, kidevu chake kikiwa juu ya kiganja cha Tupokigwe.

Na tangu siku hiyo, njia inalizunguka Ziwa Nsyela, pana kama mikono miwili iliyonyooshwa, na hakuna anayelima juu yake. Haiendi sawa na ukingo, bali hupanda na kurudi majini mara saba, na wanaokuja kutembea na kuogelea, hata watokao mbali, huingia majini mara zote saba na hawajifuti. Mwenye mguu mbovu hutangulia, na wengine hufuata mwendo wake. Baada ya kuoga mara ya saba, hupita juu ya jabali kimya, wakubwa kwa wadogo, mashavu yamevimba. Wakifika kwenye jiwe bapa huinama wote, hulirudisha ziwa, na ndipo kelele za furaha zinapoanza.