Mvinyo wa Mtungi Uliozikwa

Sogeeni, wenye masikio na wenye hukumu, maana hadithi hii nitaikatishia mikononi mwenu.

Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma, waliishi watatu. Nyemo alijaliwa ulimi: akionja tone la mvinyo, atakwambia zabibu zilichumwa asubuhi au jua likiwa kali. Shemeji yake, Chilongani, alijaliwa mkono: mzabibu alioupogoa haukufa. Jirani yao, Mama Mbeho, alikuwa mfinyanzi, na mtungi wake haukuvuja.

Nyemo alikuwa na ndoto. Alisoma kwamba huko Jojia, nchi ya mbali sana, watu huzika mitungi ardhini, na humo mvinyo huiva ukawa na rangi ya asali. Miaka kumi na miwili akauwaza. "Nitauonja kabla sijafa!" Watu wakamcheka. Siku moja akaruka kitini: "Kwani sisi hatuna udongo? Hatuna zabibu? Tuutengeneze!"

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Chilongani akabeba maji kutoka bwawani, ndoo kwa ndoo, miezi miwili, mabega yakachubuka. Mashamba ya wakulima wengine yalikauka, lake likazaa.

Mama Mbeho akafinyanga mtungi wa kumfika mtu kifuani. Wa kwanza ulipasuka motoni. Wa pili ukapasuka. Wa tatu ukatoka mzima. Akaupaka nta ya nyuki ndani, wakauzika na kuujaza maji ya zabibu.

Kila Jumapili Nyemo alichota tone kwa mrija. Mwezi wa tano tangu wauzike, wenzake wakasema, "Umeiva, tufungue!"

"Bado siku tisa," akakataa katakata.

Siku ya kumi alionja, machozi yakamtoka. "Jamani, njooni! Njooni!" Mama Mbeho akapiga vigelegele hadi majirani wakakusanyika.

Kwenye maonyesho ya mvinyo mjini, mvinyo wao ukashinda yote. Zawadi ilikuwa safari ya Jojia, kuonja mvinyo wa mitungi kwa wenyewe. Nafasi, ya mtu mmoja tu.

"Niandike jina la nani?" akauliza karani.

"Langu!" Nyemo akadakia. "Bila mimi zabibu zingeishia sokoni, na mtungi mngeufungua mvinyo ukiwa mchanga."

"Shemeji, ungeonja nini? Vumbi?" Chilongani akafunua bega lake lenye makovu.

"Wanangu," akasema Mama Mbeho, "na mngeutia wapi? Viganjani?"

Nyemo alijua wenzake wamesema kweli, na Jojia bado aliitaka kwa moyo wote. Karani kashika kalamu, anangoja.

Haya, nyie mlionisikiliza: mngemwambia aandike nani?