Shati la Lutengano Kibona

Shati lisiloanuliwa halina mwenyewe. Ndivyo alivyosema balozi wetu wa nyumba kumi asubuhi hii, tulipomkuta mpangaji wa nyumba ya nyuma ameumwa siku tatu bila jirani kujua. Nanyi mmeniuliza kwa nini mtu mzima azungumzie mashati mbele ya mgonjwa. Kaeni basi, mnisaidie kumenya viazi hivi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza mbele ya macho yangu.

Enzi hizo niliuza chai na maandazi ndani ya gereji moja ya malori, Makambako. Jina lake nitaliacha. Mafundi wake hawakuwa wezi, ila walikuwa na tabia ya kuazima. Lori la mwenye haraka likikosa stata, walifungua ya lori lililolala, mwenye haraka akaondoka nayo, wakasema watarudisha. Siku ya kurudisha haikuwahi kujulikana. Kwa hiyo wenye malori wakajiwekea desturi. Kama unalala ndani ya lori lako, unafua shati na kulitundika kwenye kioo cha pembeni. Fundi akiliona anajua mwenyewe yupo, anapita na spana zake.

Siku moja lilivutwa lori la mtu aliyeitwa Lutengano Kibona. Alilinunua pamoja na mkewe, baada ya miaka mingi ya kuuza mpunga Usangu, na mke akafa kabla lori halijamaliza mwaka. Hawakujaliwa mtoto. Kibona hakuajiri dereva wala utingo; aliendesha mwenyewe na kulala humo humo. Fundi Chaula akafungua gia boksi siku hiyo hiyo, akaitandaza juu ya gunia, akasema gia moja imekatika meno na nyingine itafika kesho kutoka Mbeya.

Kesho ile ilikaa wiki tano. Mara gari la mzigo limeharibika njiani, mara imeletwa gia isiyo yake, mara Chaula ana msiba wa shangazi, na shangazi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mara mbili kabla. Msimu wa viazi ulikuwa unakaribia, na Kibona alikuwa amewaahidi wakulima wa Njombe kuwabebea. Kama angeukosa, asingekuwa na namna nyingine ya kulifufua lori lile. Lingeishia chuma chakavu, naye angebaki bila kazi na bila pa kulala.

Alikuwa mtu wa kimya. Wenzake wakicheza bao, yeye alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango umefungwa. Chai yangu aliiagiza kwa kunyoosha kidole kwenye kikombe. Nilimsalimu "kamwene" kila siku, na sidhani kama aliitikia zaidi ya mara mbili. Nikajua ana majivuno. Nilikuwa mdogo, sikujua kwamba kuna watu huzuni huwakausha mdomo.

Wiki ya sita akaamua kwenda Mbeya kuitafuta gia mwenyewe. Hakumuaga mtu. Alifua shati lake la bluu, akalitundika kwenye kioo, akatokea geti la nyuma. Aliamini shati lingemlindia kama lilivyowalindia wengine.

Saa nane mchana mvua ikashuka, ile ya kwetu inayokuja na baridi yake. Watu wakakimbia kuanua. Mashati yakatoka kwenye vioo moja baada ya jingine, mpaka likabaki moja. Kesho yake lilikuwa bado pale, limeloa, mkono mmoja umejisokota kwenye kioo. Nililiona. Chaula naye alisimama akalitazama, akasema tu kwamba mle ndani hamna mtu. Kabla ya jioni pampu ya dizeli ikahamia kwenye lori lililokuwa linakwenda Tunduma. Siku iliyofuata ikaondoka stata, kisha betri, kisha rejeta.

Kibona alirudi siku ya nne, ameikumbatia gia kifuani, imefungwa kwenye kitambaa. Alilizunguka lori mara moja, akachungulia injini, akauliza pampu iko wapi.

"Tumeazima, mzee," Chaula akasema. "Inarudi."

"Lini?"

"Lile lori likirudi kutoka Tunduma."

"Shati langu hamkuliona?"

"Tuliliona. Limenyeshewa siku mbili, mzee. Shati la mtu mwenye watu halinyeshewi hivyo."

Akanigeukia mimi. Meza yangu ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale.

"Na wewe, dada, hukuliona?"

"Nililiona."

"Ukashindwa kulianua?"

Nikamjibu kwa kiburi cha ujana, "Shati la mwanamume asiyeitikia hata salamu yangu, nilianue mimi kama nani wako?"

Mafundi wakacheka. Yeye hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kweli.

"Ni kweli, dada," akasema. "Shati lisiloanuliwa halina mwenyewe."

Akalishusha, akalikamua taratibu, akaingia nalo ndani ya lori na kufunga mlango.

Pampu haikurudi. Lori likasukumwa hadi kwenye uzio, na msimu wa viazi ulipofika katikati likakatwa vipande. Kibona akawa dereva wa lori la mtu mwingine. Kila alipopita Makambako alikuja mezani kwangu, akanisalimu kabla hajakaa, akaniambia anakwenda wapi na atarudi lini. Nilimwitikia, nikamwekea chai. Lakini sikumwomba radhi kwa lile jibu langu. Nilisema safari ijayo, na tena safari ijayo, mpaka akaacha kupita, na hakuna aliyejua aulizwe nani.

Watu wakaichukua kauli yake, na kwa kawaida humsema nayo mwenye shati. Mimi kila nikiisikia nakumbuka kwamba nilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kioo kile, mvua inanyesha, na mikono yangu haikuwa na kazi. Shati lisiloanuliwa halina mwenyewe.