Kuku wa Ndaro Mgema

Paukwa!
Pakawa!
Miguu yenu mizima?
Mizima!
Ikunjeni basi, nimpitishe aliyevunjika.

Hapo zamani, nazi zilipokuwa zikianguka bila kuuliza nani yuko chini, palikuwa na mgema aitwaye Ndaro na mkewe Mbeyu. Siku moja Ndaro alipanda mnazi kwa mikono, akashuka kwa mgongo. Cheka wewe, cheka! Mbeyu hakucheka. Aliusikia mfupa wa paja la mumewe ukilia kacha! kama kuni.

Akaitwa Bi Mesalimu, mwunga mifupa. Akaunyoosha mguu, akaufunga vijiti kwa kamba. Kisha, kama ilivyo ada, akatwaa kuku mweusi, akamvunja paja lilelile, akamfunga vilevile, akamweka mlangoni mgonjwa amwone.

"Siku atakayotembea kuku, nawe utatembea."

"Na akifa?" Ndaro akauliza.

Bi Mesalimu akajifanya anatafuta kamba yake.

Ndaro alijua. Kaka yake naye alivunjika, kuku wake akafa. Kaka akageukia ukutani. Akakataa uji, akakataa maji, akakataa hata kusemeshwa. Walipomzika, mfupa ulikuwa umekwisha kuunga.

Kuku wa kwanza akatunga usaha, akafa alfajiri, Ndaro bado kalala. Mbeyu akamfukia nyuma ya jiko, akakamata mweusi mwingine, akafumba macho. Kacha!

"Kuku wangu hajambo?" Ndaro akauliza.

"Hajambo. Anakula kukushinda."

Ndaro akanywa uji.

Kuku wa pili, kicheche akampitia. Mbeyu akafukia mabaki, akakamata mwingine. Kacha!

"Mbona kuku wangu kanenepa?"

"Na wewe ungekula kama yeye, ungenenepa."

Ndaro akacheka, mara ya kwanza tangu mnazini. Akaomba na samaki.

Kuku wa tatu aligoma kula. Mbeyu akamtafunia mtama. "Kula, mama, kula, utaniulia mume." Akafia mikononi mwake, naye akamfukia kando ya wenzake.

Sasa akabaki mweusi mmoja tu, mtetea wa mayai. Mbeyu akamshika paja. Mikono ikakataa. Mwaijua mikono ikikataa? Unaiamuru, inakutazama tu. Akakaa kwenye majivu, akalia bila sauti, maana ukuta ulikuwa wa udongo na upande wa pili mtu alikuwa anapona. Kisha akamfunga kuku vijiti kwenye mguu mzima, akambana miguu kwa kamba, akamweka mlangoni.

Siku ya kufunguliwa, Bi Mesalimu akalibonyeza paja la Ndaro.

"Umeunga. Simama."

"Kuku hajasimama."

"Mfupa umeunga, nakwambia!"

"Kuku hajasimama."

Na uso wake ukaanza kugeuka, polepole, kuelekea ukutani.

Mbeyu akachomoa kisu. Akazikata kamba za kuku. Lo! Kuku akachomoka, akauzunguka ua, akarukia juu ya kinu! Bi Mesalimu akamtazama kuku, akamtazama Mbeyu, akaanza tena kutafuta kamba yake.

Ndaro akashika mwimo wa mlango. Hatua, akaanguka. Hatua, akalia. Hatua, akatoka nje. Mguu umepinda, lakini wake.

Akajikokota hadi nyuma ya jiko, amshukuru kuku wake. Akamkuta anachakura. Udongoni kumetokea mfupa wa paja, umefungwa vijiti. Akaona wa pili. Akaona wa tatu.

"Mbeyu! Nani kafukiwa hapa?"

Mbeyu akafuta mikono kwenye leso.

"Wewe, bwanangu. Mara tatu."

Ndaro akayatazama makaburi yake yote, akiwa amesimama.

Ngano yangu imelala hapo. Ikikufaa, ondoka nayo. Isipokufaa, niachie hapa mkekani, nitailalia mwenyewe. Haya, nyoosheni miguu!