Mzee Haazimwi

Kulikuwa na mama mmoja aliyeolewa na kaka mkubwa wa familia fulani. Mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa akilala nyumbani kwake. Lakini kila asubuhi bibi yule alijifunga kanga, akapita katikati ya migomba, akaenda kushinda kwa mke wa mwanawe mdogo. Huko alipewa kazi. Alichambua mchele, akafukuza kuku, akafuata maji bombani, akacheka. Kicheko chake kilimfikia mke wa kaka mkubwa jikoni, na kila kilipomfikia, sufuria zilibamizwa.

Halafu jirani, mnawajua majirani, akamchomekea: "Shoga, mkweo anashinda kwa mwenzio, kwako anakuja kulala tu. Umefungua gesti?"

Niambieni, nani kati yetu angelala usingizi siku hiyo?

Kesho yake mama yule alinunua kiti cha kuegemea, chenye mito, akakiweka barazani.

"Mama, kuanzia leo hutoki. Kule wanakugeuza kijakazi. Hapa utakaa kama mzee mwenye watoto."

"Mwanangu, nikikaa sana miguu inakufa ganzi."

"Ganzi ni uzee, mama. Kaa."

Bibi akakaa. Chai ikamfuata kitini, ugali ukamfuata, beseni la kuogea likamfuata, na mwisho hata ndoo ya haja. Mke wa yule mwana mdogo alipokuja akasema, "Shikamoo mama, twende ukanisaidie maharage," bibi akashika kiti ainuke. Mwenye nyumba akatoka jikoni mbio, akamkandamiza bega.

"Mzee haazimwi kama kinu! Chambua maharage yako mwenyewe."

Mwezi wa tatu wa kukaa, mguu wa kushoto ukavimba, huo mmoja tu, ukawa wa moto, hata kanga ikiugusa bibi analia. Wake wale wawili wakampeleka kituo cha afya. Daktari akautazama mguu, akauliza, "Nani anamtunza?"

Mke wa kaka mkubwa akasogea mbele, akahakikisha mwenzake anasikia. Swali hilo alikuwa amelingoja miezi mitatu.

"Mimi, daktari. Peke yangu. Tangu nimkalishe hajainuka hata kufuata maji ya kunywa!"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Basi umenieleza ugonjwa wake. Damu inashuka miguuni yenyewe, mama. Kupanda, inasukumwa na misuli ya miguu mtu anapotembea. Na mishipa ya mzee imeshachoka. Umemkalisha, damu imetuama, naona imeganda. Bonge hilo likikatika likafika mapafuni, tutamzika. Tafuteni gari, anakwenda hospitali sasa hivi."

Bibi hakufa. Ila mguu ule mpaka leo unavimba jioni, na fimbo haiachi.

Sasa mnadhani mama yule alimchukia mkwe wake? Alimpikia vizuri kuliko wengi wetu tuliokaa hapa. Alichokuwa akikilinda ni kwamba bibi asipendwe na mtu mwingine. Wivu ukamwambia kwamba huko ndiko kutunza, naye akaamini, maana hakuna aliyewahi kumsema mtu kwa kumpumzisha mzee.

Sisi je? Wangapi tumemfungia mama ndani ili wifi asipate sifa? Na tusiokuwa na wivu, wangapi tumesema "kaa" kwa sababu tumechoka, na mzee aliyekaa hamwagi kitu wala hapotei? Mimi nimesema. Nimesema mara nyingi.

Mungu hakutupa wazee ili tuwashinde wenzetu kwa kuwatunza. Kwa hiyo tukifika nyumbani leo, tukishamuuliza mzee kama amekula, tumuulize pia amekwenda wapi. Akisema hajakwenda popote, tuache vyombo, tumpe mkono, asimame.