Paka wa Bi Mwanahija na Sindano ya Saa Kumi na Mbili

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na nyumba ya kupanga mjini Tanga, yenye ukumbi mrefu na vyumba sita. Ndani yake aliishi mjane mmoja, Bi Mwanahija, na paka wake Kashata. Paka huyo aliletwa na marehemu mumewe kwenye mfuko wa koti, akiwa mdogo kama ngumi. Mume akafariki, paka akabaki. Bi Mwanahija alimsemesha asubuhi na jioni, na wapangaji walishazoea, hakuna aliyecheka.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: ukila na paka anakutazama, sharti umtupie kipande. Kumnyima waliona ni kujitafutia maumivu ya tumbo. Basi Kashata akala wali chumba hiki, chapati chumba kile, maandazi chumba cha tatu. Akanenepa hata kuruka dirishani akashindwa. Watu wakafurahi. Sisi tukiona kitu kimenenepa tunafurahi, hatuulizi.

Kisha akaanza kukonda. Anakula, anakonda. Anakunywa maji bakuli zima, anakonda.

Aliyeligundua jambo ni mpangaji wa kwanza, Tunu, mkaanga samaki. Alikuwa akifagia uani akakuta sisimizi wamepanga mstari hadi kwenye mchanga aliokojolea paka. Akainama, akatazama.

"Bi Mwanahija," akasema, "sisimizi hawafuati mkojo bure. Marehemu baba yangu alianza hivihivi."

Wakamtia paka kikapuni, wakampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akampima damu, akasema, "Ana kisukari. Kuanzia leo ni samaki na nyama ya kuchemsha, hakuna wali, hakuna andazi. Sindano ya insulini mara mbili kwa siku, saa zilezile, na kwanza ale. Mkimwona amelegea, anayumba, mpakeni kitu kitamu ufizini upesi, halafu mniite."

Bi Mwanahija alilishika lile bomba la sindano, macho yake hayakuiona mistari ya kipimo. Akalia. Aliogopa kumpoteza na huyu.

Akasimama mpangaji wa pili, Mzee Mhina, mstaafu wa reli. "Dada, usilie. Miaka thelathini na moja nimepeperusha bendera stesheni, na kwangu treni haikuondoka nje ya saa yake. Nipe mimi hiyo sindano."

Saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Mhina anaangalia saa, anaangalia kibakuli, anadunga. Saa kumi na mbili jioni, anaangalia saa, anaangalia kibakuli, anadunga. Hata kwenye harusi ya mpwa wake aliondoka pilau halijaletwa. Dawa ilikaa kwenye friji yake, kwenye rafu ya peke yake, mgeni asiiguse.

Tunu naye akawa anachemsha samaki, anatoa miiba, anapita chumba kwa chumba: "Atakayemtupia paka hata punje ya wali, samaki wangu asiwaote." Watu wakanywea.

Wote, isipokuwa mmoja. Mpangaji wa tatu aliitwa Kidawa, alipika visheti vya kuuza. Kila asubuhi alipokunywa chai ya maziwa yenye sukari, Kashata alikaa mlangoni pake akimtazama. Na Kidawa hakuwa na moyo wa kutazamwa. Akammiminia kidogo kwenye kisahani. Kesho yake kidogo. Kesho kutwa kidogo. Hakusema.

Sukari ikakataa kushuka. Daktari akaongeza dozi. Tunu akamwambia Mhina, "Labda hudungi vizuri." Mhina akamwambia Tunu, "Labda huchemshi vizuri." Daktari akaongeza tena. Siku hiyo Kidawa alimwona Bi Mwanahija amempakata paka, mbavu zinahesabika, akaona aibu hata chai yake mwenyewe ikamshinda. Akaacha kumpa. Lakini alivyoanza kimyakimya, ndivyo alivyoacha kimyakimya. Hakusema.

Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, Kashata alikula nusu akaondoka. Tunu akaona sisimizi wanakuja, akamwaga kilichobaki, akaosha kibakuli. Alikuwa bado amemnunia Mzee Mhina. Hakusema.

Ikafika saa kumi na mbili. Mzee Mhina akaangalia saa, akaangalia kibakuli, kitupu, kinang'aa. Akadunga. Hakuuliza.

Jua lilipopanda, Kidawa alikuwa anapoza shira, ile sukari iliyochemshwa ya kupakia visheti. Akamwona Kashata anakuja anayumba, akaanguka ubavu. Tunu yuko sokoni. Mzee Mhina amekwenda kunyoa. Bi Mwanahija anaita, na anachoita ni jina la mumewe, si la paka. Kidawa akachovya kidole kwenye shira, akapaka ufizini. Akapaka tena. Akapaka tena. Paka akameza, akalamba, akainua kichwa.

Daktari akaja, akapunguza dozi, na tangu siku ile sukari ikatulia.

Ingeishia hapo nisingewasumbua. Lakini mwenye nyumba alifariki, warithi wake wakaiuza, ikabidi kila mtu ahame. Bi Mwanahija anakwenda Songea kwa binti yake, na huko kuna mjukuu mwenye pumu, manyoya ya paka hayamfai. Mhina anarudi Korogwe, Tunu Muheza, Kidawa Lushoto. Bi Mwanahija akakiweka kikapu ukumbini, akawaita wote watatu.

"Nitampa anayestahili," akasema. "Semeni."

Tunu akasema, "Bi Mwanahija, nani aliwaona sisimizi? Nisingeinama siku ile, leo pasingekuwa na paka wa kugombewa. Na miiba ya samaki nani aliitoa?"

Mzee Mhina akasema, "Dada, mwaka mzima, asubuhi na jioni. Kuna siku nilikuwa na homa, nikaja nimejifunga blanketi. Nani mwingine atamwekea saa yake?"

Kidawa akasema, "Bibi, siku aliyoanguka nilikuwepo mimi." Kisha machozi yakamtoka. "Lakini siwezi kumchukua nikiwa nimewaficha. Dozi ilipanda kwa ajili ya chai yangu. Na nilipoacha kumpa, sikuwaambia."

Tunu angeweza kukaa kimya, nani angejua? Lakini akasema, "Siku ile alibakiza chakula. Mimi ndiye niliyeosha kibakuli."

Mzee Mhina akavua kofia. "Na mimi nilikiona kinang'aa. Nikajua paka haoshi vyombo. Lakini saa ilikuwa imefika."

Bi Mwanahija akawatazama mmoja mmoja. Alitaka kuwakasirikia, akashindwa. Alitaka kuwashukuru, akashindwa.

Msiniambie paka aachwe achague. Ameshatoka kikapuni mara mbili kujilaza miguuni pa Kidawa, na daktari alishasema paka hajui utamu, anafuata maziwa. Wala msiniambie wapokezane. Korogwe na Lushoto si chumba na chumba.

Basi la Songea ni kesho alfajiri. Samaki yuko kwenye kibakuli, dawa iko kwenye friji, Kashata amerudishwa kikapuni, na saa ya ukutani inasema kumi na moja na nusu jioni. Nusu saa ijayo awe amekula, adungwe, na mtu amwangalie.

Je, nyinyi mnaonisikiliza, ni mkono wa nani uliostahili kukiinua kile kikapu?