Kaniki Ndani ya Dari

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa wameshaanza kupiga dari kwenye nyumba za bati, palikuwa na mjane mmoja wa Pangani, Bi Mwanamkasi. Alikuwa na paka wa ndani, mweusi tii, jina lake Kaniki.

Huyo Kaniki hakuwa na kazi. Panya hakamati. Mgeni akipiga hodi, hainui hata sikio. Yeye ni kulala juu ya mto wa marehemu mume, akiamka anajinyoosha na kudai chakula kama mwenye nyumba. Na Bi Mwanamkasi alimpenda, jamani! Alimtolea samaki miiba kwa vidole vyake kabla mwenyewe hajaonja. Ukimuuliza anampendea nini, anacheka. "Hata mimi sijui, mwanangu. Nikimwona tu roho yangu inatulia."

Ikaja siku binti yake aliyeolewa Dodoma akakaribia kujifungua, akamwita mama yake akaishi naye moja kwa moja. Furaha iliyoje! Ila mkwe ana pumu. Unyoya wa paka ukimpita puani, kifua kinambana. Kwa hiyo Kaniki haendi. Lazima aachiwe mtu, na gari la kumchukua Bi Mwanamkasi linafika adhuhuri.

Sasa sikilizeni. Nyumba ilikuwa inatengenezwa ije ipangishwe, na asubuhi hiyohiyo fundi Chande alimaliza kupiga dari mpya. Msumari wa mwisho kuingia, Kaniki haonekani. Uvunguni hayupo. Kabatini hayupo. Jikoni hayupo. Majirani wakasema, "Katoroka huyo. Paka ana machale, kajua unamwacha." Bi Mwanamkasi akakaa sakafuni akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

Ndipo Saumu, jirani wa ukuta mmoja, akapaza sauti, "Hebu nyamazeni! Yumo humu. Juu."

Watu wakaangua kicheko. Saumu huyu ndiye anayeogopa paka kupita wote mtaani. Kaniki akiingia, yeye juu ya kiti! Wakatega masikio, hawakusikia kitu. Saumu akashikilia lake. "Nimesema yumo."

Fundi Chande uso ukamshuka. "Niliacha pembe moja wazi nikaenda kunywa chai," akasema. "Niliporudi nikaifunga bila kuchungulia." Hakungoja kuambiwa. Akashika nyundo, akaivunja dari yake mwenyewe, bao moja likamchana mkono, damu ikamtoka, naye anavunja tu. Kule gizani yakaonekana macho mawili.

Lakini nyundo ilikuwa imemtia Kaniki hofu. Akarudi nyuma, akajibanza pembeni kabisa, chini ya bati lenyewe, mahali ambapo mtu hafiki. Na bati la mchana mnalijua. Akikaa huko kidogo tu, basi tena. Bi Mwanamkasi akaita, "Kaniki, mwanangu, njoo kwa mama." Hakuja. Akamwonyesha samaki. Hakuja.

Mlangoni akatokea Mzee Mbaruku, muuza samaki wa kukaanga wa ng'ambo ya njia, hasimu mkubwa wa Kaniki. Kila mara alikuja kulalamika kwamba paka kamwibia, na kila mara Bi Mwanamkasi, kwa aibu, alimpelekea mkate wa kumimina kumpoza. Mzee akatazama juu, akanguruma, "Jizi wee! Jizi lisilo haya! Shuka hapa!"

Kaniki akashuka. Mkia juu, moja kwa moja, akaenda kujisugua kwenye miguu ya Mzee Mbaruku.

"Mzee Mbaruku," Bi Mwanamkasi akasema taratibu, "paka wangu hamwendei mgeni. Wewe kakujulia wapi?"

Mzee akatazama chini. "Hutoka dirishani ukiwa unasali alasiri. Nampa samaki, kichwa cha changu. Hajaniibia hata siku moja."

"Na mikate yangu je?"

"Nimeila," akasema Mzee. "Mitamu."

Watu hoi kwa kucheka. Bi Mwanamkasi naye akacheka, lakini wivu ulimchoma, nisiwafiche. Kumbe miaka yote hiyo Kaniki alikuwa na nyumba mbili! Akamnyanyua, akamkumbatia kifuani. Nje gari likapiga honi.

Saumu akasema, "Mama, nipe mimi. Kweli sijawahi kumgusa, naogopa kucha. Lakini naishi peke yangu, na sauti yake ng'ambo ya ukuta ndiyo mwenzangu. Nisingeijua, leo angekaukia humo."

Chande akasema, "Mama, nipe mimi. Bila mkono huu mngebaki mnamsikiliza tu."

"Si wewe uliyemfungia?" Saumu akadakia.

"Ndiyo, mimi. Na ndiyo maana sitafunga tena mlango kabla sijajua yuko wapi."

Mzee Mbaruku akasema, "Uongo nimesema, nakiri. Lakini wewe ulimsikia, na wewe ukamfungulia. Kamwitikia nani?"

"Mama, tunachelewa!" dereva akaita.

Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama kizingitini. Mbele yake watu watatu wamenyoosha mikono, mmoja umezungushiwa kanga kwa kuogopa kucha, mmoja unavuja damu, mmoja unanuka samaki. Kaniki kafumba macho kifuani pake, hana habari. Mama wa watu anamtazama huyu, anamtazama yule, na hatua hapigi.

Haya, nyie mnaojidai mnajua kupenda, acheni kunong'onezana mniambie. Je, nani alistahili? Mikononi mwa nani mama huyu amweke Kaniki wake, apande gari, asigeuke nyuma?